Pumzi za Siku ya Kura

Moshi wa takataka ulipoanza kupanda kutoka bondeni, Hind alikuwa ameshaziba madirisha kwa mataulo yaliyolowa. Mumewe, Shafiq, alikaa kitandani ameinama, kifua kikimlia filimbi.

Tangu serikali ya Beirut iseme kila mji uzoe taka zake wenyewe, fungu la kuzizolea halikufika. Mji wao ukawa unachoma.

Hind alikwenda kwa meya, Naim, akamkuta anakunywa kahawa.

"Chomeeni mbali basi. Mume wangu anakufa."

"Mbali wapi? Lori halina dizeli, na Beirut hawatumi kitu. Mkono mtupu haulambwi, Mama Rabih."

"Kule mtaa wa juu mbona hamchomi?"

Naim alicheka kidogo. "Nyie mnapiga kura wapi?"

Hind na mumewe walikuwa wamezeekea mji huu, lakini kwa sheria kura zao zilikuwa bado Ain Sindyan, kijiji cha babu yake Shafiq, huko milimani.

"Basi kawalilieni wa huko," Naim alisema. "Mimi nina wangu."

Mwezi wa Mei uchaguzi wa mabaraza ya miji na vijiji ukafika. Fadi, mgombea wa Ain Sindyan, akawapelekea gari la bure. Kijiji kilikuwa kimefagiwa kikang'aa. Wana wa kijiji walio ughaibuni walikuwa wamekinunulia lori la taka. Shafiq alipiga kura, akaketi juani, akamaliza mkate mzima wa viungo vya zaatar. Hakukohoa hata kidogo.

"Leo nitakoroma mpaka unikimbie," alimtania mkewe. Kisha akasema taratibu, "Tulale hapa, Hind. Hata barazani kwa mtu."

Hind akamfuata Fadi. "Hakuna chumba cha kupanga, mwanangu? Hata kibovu."

"Baba Rabih ni damu yetu," Fadi alisema, akamkumbatia Shafiq. "Ila nyumba zilizobaki ni za wanaokuja kiangazi, na funguo wanazo wao. Kwenye uchaguzi ujao, baada ya miaka sita, tuonane, Mungu akipenda."

Dereva akapiga honi. "Wazee wangu, kura zimeisha. Gari linawasubiri nyie tu."

Shafiq hakuinuka. Hind alimshika kwapani akamnyanyua. Hakujikaza, wala hakukataa.

Njiani simu ya dereva ikalia. "Hongereni," aliwaambia, "mmeshinda."

Shafiq alikuwa amefumba macho, akivuta pumzi ndefu ndefu, kama mtu anayejaza mitungi kabla maji hayajakatwa. Kwenye kona ya mwisho taa za mji zikaonekana bondeni, zimefifia ndani ya moshi.

Hind akapandisha kioo.