Ufunguo Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Gemu langu la kompyuta lilikuwa zuri. Anayebisha na aje, mimi Nyatichi niko hapa hapa Migori, siendi popote. Kwamba mbuzi walitembea juu ya maji na mitumbwi ikapanda mlima, hilo nakubali. Kwamba ukiuza samaki sokoni Kisegi samaki alibaki mkononi mwako, ukamuuza tena na tena mpaka ukatajirika, hilo pia nakubali. Lakini mwisho wake! Mwisho wa gemu lile niliuchora miezi mitatu, nukta kwa nukta, na nilichotaka duniani ni mtu mmoja tu aufikie, auone.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Nilifundisha katika chuo cha kompyuta cha Mzee Mokua, yaani chumba kimoja chenye kompyuta tatu nyuma ya duka lake la misumari na mabati. Nilimwambia naweza kutengeneza gemu la maskini anayetoka kisiwani Mfangano, anayeongezewa nguvu, akili na heshima kwa kila jambo analofanya, mpaka aipate dhahabu ya machimbo ya Osiri. Mzee alijikuna kidevu siku mbili, kisha akauliza itagharimu nini. Nikasema ng'ombe watano. Akauza wawili na nusu. Usiniulize nusu ya ng'ombe huuzwaje, aulizwe shemeji yake aliyeshirikiana naye. Ninachojua ni kwamba mitumbwi ilipanda mlima kwa sababu ya wale wawili na nusu waliobaki zizini.

Na bado watu walijaa! Wachimba dhahabu, makarani, walimu, wote walipanga foleni mpaka kwenye mabati. Disketi zikafika Homa Bay, zikafika Kisii. Mzee Mokua, Msabato wa kweli, alitaka gemu lijifunge lenyewe Ijumaa jua likitua. Sasa kompyuta moja saa yake ilikuwa mbovu, ikawa inashika Sabato Jumatano. Watu wakaizoea tu, wakawa hawaisumbui siku hiyo.

Lakini kufika mwisho, hakuna. Hata mmoja!

Kosa lilikuwa langu. Ufunguo wa sanduku la dhahabu niliuweka chini ya kitanda cha mama mkwe wa shujaa. Nilijiuliza ni wapi mwizi hawezi kuthubutu kuingia, nikapata jibu, nikajipongeza. Sikuwaza kwamba na huyo anayeutafuta ni mkwe. Mila naijua, mimi ni Mkisii, kwetu mkwe hachungulii hata dirisha la chumba hicho. Lakini jamani, ni nukta! Nukta za rangi kwenye kioo!

Wapi. Wanaume wazima walifika kwenye mlango ule, wakavua kofia zao, wakarudi nyuma. Walitafuta njia nyingine miezi na miezi. Kukazuka uvumi kwamba ukinunua mbuzi arobaini mama mkwe atakuletea ufunguo nje mwenyewe. Wakanunua mbuzi arobaini. Mbuzi wakaenda zao ziwani.

Mwalimu Motari aliteleza kidole siku moja, shujaa wake akaingia chumbani hatua moja. Motari alipiga yowe, akafumba macho, akachomoa waya ukutani, kompyuta zote tatu zikazima. Jumapili yake alimpelekea mama mkwe wake jogoo, na mama wa watu akabaki anajiuliza amekosewa nini.

Nikamwendea Mzee Mokua dukani. "Mzee, niruhusu nihamishe ufunguo. Nauweka ghalani. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Mwalimu, wakimaliza, watarudi kufanya nini?"

"Watafurahi!"

"Wakafurahie kwao. Wewe usiguse kitanda cha watu."

Nililia pale pale kati ya misumari, kwa hasira. Miezi mitatu nimeyachosha macho yangu, na hakuna jicho lingine litakaloona nilichofanya. Biashara inanawiri, kila mtu ananisifu, na hakuna anayejua wanachonisifia ni nusu tu.

Aliyewashinda wote alikuwa Javan, mchimbaji wa Osiri, mwenye pointi mia tisa za heshima. Kila siku alimsimamisha shujaa wake pale mlangoni, akamtazama, akashusha pumzi. Alhamisi moja asubuhi alikuwa katika hali hiyo mama mmoja aliposukuma mlango, kikapu cha omena kichwani.

"Mimi ni Filister, nimetoka Mfangano," alisema. "Namtafuta mume wa binti yangu. Ameacha mgodi, ameacha nyumba, naambiwa ameolewa na mashine."

Javan aliinua macho. "Maro!" alisema, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mama mkwe, na kabla sijageuka alikuwa ameshapita dirishani. Kiatu kimoja kilibaki ndani.

Filister alishusha kikapu, akakalia kiti kilichokuwa bado na joto. "Nyathina, mtoto wangu, ndiyo mashine yenyewe hii? Na huyu amesimama wapi?"

"Mlangoni kwa mama mkwe wake. Haingii."

"Vizuri. Ana adabu. Na huyo mama mkwe yuko wapi?"

"Ameenda sokoni."

"Yawa! Basi si ndiye mimi? Kwangu nizuiwe na nani? Nionyeshe pa kubonyeza."

Akaingia. Akainama chini ya kitanda, akachukua ufunguo, akaenda zake Osiri bila kumsalimia mtu, akafungua sanduku. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti. Jua likachomoza kwenye kioo. Mlima wa Mfangano ukatokea taratibu, na watu wote ambao shujaa alikutana nao tangu mwanzo, mia moja na kumi na wawili, wakaanza kuteremka mmoja mmoja, wakimwita kwa jina na kumsalimu.

Filister alisogeza uso karibu na kioo.

"Huo ni mlima wetu," alisema. "Hata ule ufa umeuweka."

Machozi yalinitoka, na sikuyafuta. Alipofika mtu wa sitini na nne, kioo kikaganda, mkono wa mtu huyo ukiwa hewani.

"Amekwama?"

"Amekwama, mama. Ng'ombe hawakutosha."

"Si kitu. Kusalimia watu wote hao kunachosha. Umefanya kazi, nyathina."

Mlangoni wanaume walikuwa wamejazana, wote wametugeuzia migongo. "Mama," akauliza karani Ochieng, "kuna nini humo ndani?"

Filister akageuka. "Nani kati yenu anataka kujua kilichoko chumbani kwa mama mkwe?"

Foleni ilitawanyika mpaka barabarani.

Wiki iliyofuata alirudi na mama wakwe wenzake wanne, na baada yao wakaja wengine, hadi wa Homa Bay. Kila akiingia mmoja, mkwe mmoja aliruka dirishani. Mzee Mokua aliwaonea wakwe hao huruma, akatoa pesa mara ya pili: akatoboa mlango wa nyuma. Nikamwambia kwa pesa hizo ningemkwamua yule wa sitini na nne.

"Mwalimu," akasema, "huyo hakimbii mama mkwe."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Bathsheba, mama mkwe wa Mwalimu Motari. Alikuwa ameinama chini ya kitanda, ameshaelewa jogoo alikuwa wa nini, anacheka peke yake, na mlima ulikuwa bado mbele yake.