Donati ya Detlef

Kwetu Berlin, siku ya mwisho ya mwaka, watu hukaanga donati za jamu, na moja kati yake hutiwa haradali kwa siri. Atakayeiuma hupiga yowe, wengine wanacheka mpaka mbavu ziwaume, na mwaka unahesabiwa umeanza vizuri. Ndivyo tunavyojiburudisha sisi watu wazima wenye akili zetu.

Mwaka huu kaka yangu Detlef alikuja na ajenda. Mama anasahau, kwa hiyo apelekwe nyumba ya wazee, na fleti yake ya kando ya mto, ambayo Detlef kwa bahati tu anaipenda mno, ibaki kwa mtu mwenye kumbukumbu. Alikuwa amefikia kwa Mama, akanipigia simu wiki nzima kunieleza hayo, kwa huruma tele. Nami nilishaanza kulegea.

Wakati wa kahawa ya alasiri, Mama alitugawia donati kwa mkono wake: Detlef, mimi, mume wangu Jochen, na yeye mwenyewe. Tukala tukamaliza. Hakuna aliyepiga yowe.

"Yangu jamu," akasema Jochen.

"Na yangu," nikasema.

"Yangu pia," akasema Detlef, kisha akamgeukia Mama taratibu, kama daktari wa kwenye televisheni. "Mama, haradali uliweka kweli?"

"Niliweka."

"Sasa iko wapi? Umesahau, Mama. Juzi miwani, leo haradali. Kesho utasahau kuzima jiko, utuunguze wote."

Hapo akaanza kulia. Detlef! Yule aliyemzika baba yetu huku akitazama saa! Machozi yalimtiririka, pua ikamwiva, akagugumia kahawa yake na yangu juu. Roho iliniuma. Kumbe nilimdhania vibaya, nikajisemea, kumbe mapenzi anayo, ameyaficha tu. Nikamshika Mama mkono, tayari kumwambia tutamtafutia mahali pazuri penye bustani.

"Niachie mkono, Annegret," Mama akasema. "Mpe kaka yako maji. Niliomba dukani ile kali kuliko zote."

"Ipi hiyo?" Detlef akakohoa. "Si nimekwambia nimekula jamu?"

"Nimekuwekea sahanini mimi mwenyewe, mwanangu."

Jochen alitaka kucheka, akauona uso wa Mama, akaacha.

"Unaongea na simu jikoni kwangu kwa sauti kubwa," Mama akaendelea. "Masikio bado ninayo. Nikasema, ngoja nimpe haradali. Tangu mdogo ukiiuma unapiga kelele mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Leo nimekaa hapa nasubiri hizo kelele."

Detlef alijifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Ungepiga kelele tu, Detlef," Mama akasema, "hata hiyo fleti ningekupa."