Upande wa Pili wa Barabara

Mama alinituma nikamrudishe dada nyumbani. Hakusema hivyo waziwazi. Alisema, "Likizo hii ya shule nenda kamtembelee dada yako, umwone anavyoendelea." Lakini alipokuwa ananisaidia kufunga begi akaongeza kwamba chumba cha dada kimeshapakwa rangi na kitanda kiko palepale, na macho yake yakamalizia yaliyobaki. Mimi mwenyewe sikuhitaji kusukumwa. Zaidi ya miaka kumi dada anafua mashuka kwenye hoteli kubwa jijini, na nilikuwa nimechoka kuwa na dada wa kwenye simu. Watu wakituuliza habari zake tulikuwa tunajibu, "Anafanya kazi huko." Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema anaishi huko.

Na kwenye simu dada alikuwa mtu mzito. "Mji huu naujua kama kiganja cha mkono wangu," alikuwa akituambia, "wewe njoo tu." Basi nikaja. Siku ya kwanza tukashinda chumbani. Siku ya pili tukaenda sokoni, pale chini ya ghorofa yao. Siku ya tatu nikamuuliza makumbusho yako wapi.

"Yapo," akasema.

"Yapo wapi?"

Akatazama nje ya dirisha kama anayesubiri jibu lipite. "Si huko mjini."

Mimi nafundisha darasa la nne. Mtoto ambaye hajasoma namjua kabla hajafungua mdomo. Nikamkazia macho mpaka akaangua kicheko, na dada akishacheka hana siri tena. Akanieleza yote. Alfajiri anapanda basi, anakaa dirishani upande wa kushoto, anashuka kwenye mlango wa wafanyakazi wa hoteli, anateremka ngazi hadi kwenye mashine. Jioni anarudi kwa basi hilohilo akiwa amelala fofofo. Kwa hiyo alichokijua ni upande mmoja wa barabara moja: duka la vitasa, kinyozi, wauza magodoro, benki. Upande wa pili hakuwahi kuuangalia.

"Ndiyo maana nafikiria kurudi," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Hapa sina kitu cha kunishika, mdogo wangu. Nachoka bure."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Kazi niliyotumwa ilikuwa imejimaliza yenyewe; nilichotakiwa ni kusema tufungashe. Lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. "Huwezi kuondoka kwenye mji hujauona," nikamwambia. "Watu wakikuuliza ulikuwa unaona nini, utawaambia nini? Mashuka?" Yeye naye alikuwa kaomba likizo kwa ajili yangu, na siku zilikuwa bado zipo.

Kwenye kona ya mtaa wao kulikuwa na fundi anayekodisha baiskeli. Mimi shuleni naenda kwa baiskeli kila siku, kwa hiyo nilichagua yangu haraka. Fundi akamtazama dada. "Na huyu anajua?"

"Huyu ndiye aliyenifundisha mimi," nikamjibu, na ni kweli. Tulipokuwa wadogo alikimbia nyuma ya baiskeli ya baba, ameshika keria ili nisianguke, mpaka ndala zikamkatikia miguuni.

"Basi alikupa yote hakujibakizia," fundi akasema, maana dada alikuwa ameukamata usukani kama mtu aliyemshika mbuzi pembe.

Tulianzia kwenye uwanja wa kuegeshea magari uliokuwa mtupu. Safari hii mimi ndiye niliyekimbia nyuma na kushika keria, nikihema.

"Usiniachie!"

"Sikuachii."

"Mbona sauti yako iko mbali?"

Nilikuwa nimeshamwachia zamani. Akapita uwanja mzima peke yake, akasimama ukutani kwa kutumia miguu, breki hakuzikumbuka, akanitukana matusi ya utotoni ambayo sikuwa nimeyasikia tangu tulipokuwa tunagombania blanketi. Nilifurahi hata nikaona aibu.

Tukashika barabara ya basi lake, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoijua. Asubuhi ile magari yalikuwa machache. Dada aliendesha polepole, shingo imegeukia kulia, na kila baada ya nyumba mbili alikuwa ananiambia simama. Kulikuwa na duka la vitabu vikuukuu lenye paka dirishani. Kulikuwa na nyumba ambamo mtu alikuwa anajifunza tarumbeta na anakosea palepale kila mara. Dada akamsubiri mpaka akapatia.

"Dada, tukienda hivi likizo itaishia kwenye hizi taa," nikasema.

"Mwalimu, tulia. Wewe si ndiye uliyetaka nione?"

Tukafika hotelini. Akanionyesha mlango mdogo wa chuma. "Hapa ndipo mwisho wangu," akasema, akaanza kugeuza baiskeli. Mimi nikaendelea mbele, nikauzunguka ukuta, yeye akanifuata akilalamika. Nyuma ya hoteli njia iliteremka, kisha mto ukafunguka mbele yetu, mpana, maji yake ya kahawia yanakwenda bila haraka. Kando yake palikuwa na njia ya baiskeli, viti vya mbao, na watoto wakikimbizana huku wakipiga mayowe.

Dada akashuka. Hakuutazama mto, alitazama ukuta. Chini kabisa, usawa wa magoti, palikuwa na tundu lenye vyuma linalotoa mvuke na harufu ya sabuni. Akapiga magoti, akachungulia.

"Ile ya pembeni ndiyo mashine yangu," akasema. Akageuka kuwaangalia watoto. "Hizi kelele nazisikia kila siku. Nilidhani kuna shule huku nje. Nikawa nawalaumu walimu wao, mbona watoto hawaingii darasani."

Nilicheka, kisha nikaona analia. Akaenda kukaa kwenye kiti cha mbao, nami nikakaa naye. Nikaona huu ndio wakati.

"Twende nyumbani, dada. Mama amekupakia rangi chumba chako."

"Najua. Aliniambia mpaka ni rangi gani." Akajifuta uso kwa kiganja. Akayafuata maji kwa macho. "Huu mto unakwenda wapi?"

"Mimi mgeni, nitajuaje?"

"Basi twende tukaone."

Akapanda mwenyewe, bila kuomba ashikiwe, akapiga kengele kuwaonya watoto. Mimi nilibaki nimekaa. Dada yangu namjua: alikuwa ameshaniponyoka, na aliyemtoa mlangoni ni mimi.

Siku zilizobaki tulizimaliza juu ya baiskeli. Makumbusho tuliyapata, yalikuwa yamefungwa kwa matengenezo, naye akasema hakuna neno, atarudi mwezi ujao. Hilo "mwezi ujao" lilinichoma. Fundi alishaagizwa baiskeli ile yenye kengele asimpe mtu mwingine siku za mapumziko ya dada.

Siku ya kuondoka alinisindikiza kituoni, begi langu amelifunga kwenye keria. Mama akapiga simu kabla sijapanda. "Mko njiani?" akauliza. Nikampa dada simu, maana mimi nisingeweza.

"Mama, nitakuja likizo," dada akasema. Akasikiliza muda mrefu, macho chini. "Hapana, mama, hajanifanyia kitu. Mji tu sijaumaliza."

Simu iliporudi kwangu mama aliniuliza swali moja: nilikwenda kufanya nini huko? Niliwakasirikia wote wawili, na mimi mwenyewe zaidi, na hapohapo nikatamani mama angemwona binti yake alivyosimama, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali.

Basi likaondoka. Dada akaendesha sambamba na dirisha langu mpaka kwenye taa, akaachia mkono mmoja, akanipungia bila kuyumba. Kisha taa zikaruhusu, akapita nyuma ya basi na kuvuka ng'ambo. Nikainuka, nikamwomba mzee wa dirisha la upande wa pili anipishe kidogo. Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyaficha.

"Kuna nini, mwanangu?" akauliza. "Unamwangalia nani?"

"Dada yangu," nikamwambia. "Anaishi hapa."