Matairi ya Mzee Nathanael

Siku Gadiel alipong'oa tairi la kwanza la baba yake, jua lilikuwa linachoma na korongo lilikuwa kavu hadi chini, na hicho ndicho kilichomdanganya. Korongo kavu halitishi mtu. Mbuzi wanalala humo.

Baba yake, mzee Nathanael, hakudanganyika hata siku moja. Kila masika korongo lilikuwa linamega migomba yake, hatua mbili mwaka huu, hatua tatu mwaka ujao. Basi alianza kushuka hadi kwa mafundi pancha wa Usa River na mkokoteni, anapakia matairi mabovu ya malori ambayo hakuna aliyeyataka, anayapandisha mlimani huku majirani wakimcheka. Aliyapanga ukingoni kama ngazi, akayafunga kwa nyaya, akayajaza udongo na samadi, na katika kila tairi akapanda isale, ule mmea wa mipakani unaoshika udongo. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na moja. Korongo likatulia, na majirani wakaacha kucheka. Alipofariki alizikwa hatua kumi kutoka ukingoni, mahali alipopachagua mwenyewe, na pembeni yake pakaachwa nafasi ya mkewe, mama Anna. Mama Anna alikuwa akiipalilia nafasi hiyo kila Jumamosi, kwa utulivu kabisa, kama anayetandika kitanda.

Kisha kikaja kile kiwanda cha barabara ya Moshi. Kinachoma matairi kwenye tanuru lililofungwa, kinatoa mafuta, nyaya, na unga mweusi tii. Mwanzoni walitaka mafuta tu, na ule unga ulirundikwa nyuma, upepo ukiupeleka kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Baadaye wakaja wanunuzi wa unga. Kumbe weusi wa matairi mapya, wa mabuti ya mvua na wa rangi unatokana na unga kama huo, na huu wa matairi chakavu ni rahisi kuliko ule unaoletwa kwa meli kutoka nje. Wakautaka wote, wakataka na zaidi. Ghafla tairi bovu likawa mali. Watu waliyashusha kutoka juu ya mabati ya nyumba, wakawanyang'anya mbuzi waliokuwa wakinywea maji humo.

Gadiel alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiyakusanya. Richard, mnunuzi wa kiwanda, aliwaambia wakusanyaji kwamba atakayeleta Fuso tatu za matairi kabla ya Pasaka atapewa uwakala, kuanzia Usa hadi Tengeru. Gadiel alijaza mbili. Ya tatu ilifika nusu, na barabarani hakukuwa na tairi tena.

"Nitaleta mawe, mama," alisema. "Trip mbili. Tujenge ukuta wa maana. Haya matairi ni mambo ya kimaskini."

"Baba yako aliyapanga miaka kumi na moja."

"Na mimi nitajenga ukuta kwa wiki moja."

"Na masale?"

"Yatajiotea. Isale halifi, mama, si unajua?"

Mama Anna alinyamaza, akaendelea kumenya ndizi. Gadiel aliuchukua ukimya ule kuwa ruhusa kwa sababu alitaka uwe ruhusa. Yeye na vibarua wawili walimaliza kwa siku nne. Masale waliyatupa korongoni.

Uwakala akaupata, pamoja na fulana na kitambulisho chenye picha. Mawe je? Wiki ya kwanza lori liliharibika. Wiki ya pili Richard aliahidi kumwazima la kiwanda. Wiki ya tatu, tuseme ukweli, Gadiel alisahau. Wakala mpya simu yake haipoi. Na mvua mwaka huo hazikusubiri Pasaka.

Zilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, saa nne asubuhi, Gadiel akiwa kwenye mzani wa kiwanda, jirani yao Elihuruma alimpigia.

"Gadi, njoo nyumbani. Mama yako ni mzima. Lakini njoo."

Alipofika, ukingo ulikuwa umeshapita pale palipokuwa na kaburi. Kaburi lote lilikuwa limekwenda, na marumaru yake meupe waliyoyamalizia Krismasi. Msalaba ulining'inia kwenye mizizi ya mgomba. Wanaume walikuwa chini na majembe, na hadi jioni walipata mbao nne za jeneza na kipande cha marumaru. Yaliyobaki maji yalikuwa yameyachukua. Mama Anna alisimama mvuani, mwavuli ameukunja mkononi, wala hakulia. Gadiel alitamani alie, au amtukane.

Kutoka ukingo mpya hadi ukuta wa nyumba zilibaki hatua kumi na mbili.

Kesho yake alizunguka kwa mafundi pancha wote akitafuta matairi ya kuishikilia nyumba. Walimtazama kwa mshangao. "Wakala, si wewe uliyetuambia tusimpe mtu mwingine?" Kiwandani Richard alimpa pole ya dhati, kisha akampeleka stoo ya nyuma, kwenye viroba vilivyopangwa hadi karibu na bati.

"Ya kwenu yamo humu, au kwenye mzigo ulioondoka juzi," alisema. "Tairi zima sina hata moja. Tanuru lenyewe linasubiri."

Gadiel aligusa kiroba. Kiganja kikawa cheusi, na sabuni ya nyumbani haikuutoa weusi ule.

Jumamosi alishuka korongoni. Kwao Umeruni, mwenye kosa kubwa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na anayepelekewa hakatai. Alitafuta muda mrefu kwenye matope. Akapata isale moja limekwama nyuma ya jiwe, limeshatoa mizizi, akachuma jani. Kweli, isale halifi.

Akamkuta mama yake jikoni. Akapiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili, kucha zake bado nyeusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mama Anna alilitazama jani lile, akalitazama tena, kisha akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Na baba yako angekusamehe."

Gadiel alilia kama hakuwahi kulia tangu utotoni. Mama alimwacha amalize. Huko nje bonge la udongo lilidondoka korongoni, wote wawili wakalisikia.

"Sasa niambie, mwanangu," alisema, jani bado liko mkononi. "Mimi mtanizika wapi?"