Winga wa Mwenyekiti

Daktari Adelina hakuijua raga wala hakuwa na hamu ya kuijua. Kwao Bukoba alikuwa ameona mpira wa miguu tu, na huo nao aliutazama kwa kulazimishwa na kaka zake. Lakini mkuu wa wodi aliyokuwa akifanyia kazi Stockholm alikuwa ameahidi kuwa daktari wa timu ya taifa ya Sweden. Ahadi hiyo aliitoa wakati wa baridi, alipokuwa hana shughuli. Ilipofika Septemba ya 1975 akakumbuka kwamba ana kijumba kando ya ziwa, na kwamba uyoga hauwezi kumsubiri. Akamtuma Adelina.

"Ni kukaa tu pembeni na mkoba," alimwambia. "Utafurahia hewa."

Basi Jumamosi ile Adelina akakaa pembeni ya uwanja na mkoba wake, anafurahia hewa, meno yanagongana. Ilikuwa mechi ya majaribio. Wiki moja baadaye Sweden ingecheza na Denmark, na wateuzi watatu walikuwa wamesimama chini ya mwavuli mmoja wakiandika majina. Mwenyekiti wao aliitwa Torsten Ekblad, mtengeneza meno, mtu mwenye sauti nzito na mashavu ya kung'aa. Wenzake wawili walikuwa na kazi ya kutikisa vichwa kukubali, na waliifanya kwa bidii.

Hata mtu asiyejua raga aliona mambo mawili siku hiyo. La kwanza ni kwamba winga mmoja mweusi, Okech, alikuwa akikimbia kama aliyefunguliwa kamba. Okech alikuwa Mkenya. Raga aliisoma shuleni Nairobi, akaja Stockholm kusomea ufundi, akaishia kuendesha basi, na sasa alikaa kitongoji cha Alby akiwa na pasi ya Sweden mfukoni. La pili ni kwamba kijana aliyepewa kazi ya kumkaba alikuwa akichelewa kwa makusudi. Okech alimpita mara nne. Mara ya tano kijana yule aliinama kufunga kamba za viatu.

Kijana huyo aliitwa Ragnvald Ekblad. Ndiyo, mtoto wa mwenyekiti.

Baadaye wateuzi walikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na Adelina akaitwa atoe taarifa ya afya za wachezaji. Alisema wote ni wazima. Torsten akamshukuru, akasahau kumwambia atoke, kwa hiyo Adelina akasikia yote.

"Winga wa kushoto," alisema Torsten. "Okech ana mbio, hilo sikatai. Ila sijui kama amezoea baridi yetu."

"Ana miaka tisa hapa," Adelina aliropoka.

Torsten alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. "Ahsante kwa ushauri wa kitabibu, daktari," alisema. "Halafu kuna suala la moyo. Ragnvald amekulia ndani ya raga. Ana moyo."

Wenzake wakatikisa vichwa. Naam, moyo anao.

"Okech awe wa akiba," Torsten alimaliza. "Na kwenye picha asimame mstari wa mbele, katikati. Itapendeza gazetini."

Adelina alipotoka alimkuta Okech akisoma orodha iliyobandikwa mlangoni. Hakuonekana kushangaa.

"Pole, kaka," Adelina alimwambia kwa Kiswahili.

"Nishapoa. Huu ni mwaka wa tatu napigwa picha tu." Akageuka, akacheka kidogo. "Lakini sheria unaijua? Mtu wa akiba haingii hivi hivi. Mpaka daktari aseme aliye ndani ameumia, hawezi kuendelea. Kwa hiyo dada, mimi sasa niko mikononi mwako."

"Usinitanie."

"Sikutanii hata kidogo," alisema Okech.

Jumapili ya wiki iliyofuata watu kama mia tatu walikuja, nusu yao ndugu wa wachezaji. Timu ya Denmark ilikuwa na jitu moja lenye shingo kama gogo, na jitu hilo lilipenda upande wa kushoto wa Sweden. Mara ya kwanza lilimpitia Ragnvald juu. Mara ya pili likampitia tena, likaweka mpira chini nyuma ya mstari wa Sweden na kupata trai. Mara ya tatu, dakika ya ishirini, Ragnvald alianguka huku jitu likiwa bado hatua tano mbele yake.

Refa akapuliza filimbi. Adelina akakimbia na mkoba.

"Goti," alilia Ragnvald, ameshika la kushoto.

Adelina alilikunja, akalinyoosha, akalibonyeza pande zote. Kisha akabonyeza la kulia, na Ragnvald akapiga ukelele.

"Hilo siyo ulilosema," Adelina alimnong'oneza.

"Daktari, tafadhali," alisema kijana, na macho yake yalikuwa na hofu ya kweli. "Mwambie baba nimeumia."

Baba mwenyewe alikuwa ameshafika, anahema. Alikuwa ameona alichokiona, na sasa alitaka mwanawe atoke akiwa majeruhi, siyo mwoga. "Ameumia! Sema ameumia, daktari. Okech, jiandae!"

Okech hakuhitaji kuambiwa. Koti lilikuwa limeshatoka, yuko kwenye mstari anarukaruka kupasha misuli, mvua inamtiririka usoni. Alimtazama Adelina tu.

Maishani mwake Adelina hakuwahi kutamani uongo kiasi kile. Ulikuwa mdogo, na kila mtu uwanjani aliutaka: baba, mtoto, Okech, hata yeye. Lakini refa alikuwa amemnyooshea karatasi ya kutia sahihi. Kule wodini kila karatasi yenye sahihi yake ilisomwa mara mbili, wakati za wenzake hazikusomwa kabisa. Akafunga mkoba.

"Magoti yote ni mazima," alisema. "Anaweza kuendelea."

Ragnvald akaendelea, kwa dakika sitini. Denmark wakapata trai tatu nyingine upande wake. Okech alivaa koti, akakaa, na mechi ilipokwisha akaondoka bila kuaga.

Kesho yake gazeti lilimsifu Ragnvald Ekblad, shujaa aliyecheza na goti bovu. Baba yake alimweleza mwandishi kwamba daktari mgeni, asiyeijua raga, alikataa kumtoa. Picha ya timu nayo ilitoka, na Okech yuko katikati, mstari wa mbele. Ilipendeza.

Adelina alikutana na Okech tena Desemba, kwenye sherehe ya uhuru waliyoifanya Watanzania na Wakenya pamoja, nyumbani kwa rafiki yake Ziada, kitongoji cha Sundbyberg.

"Neno moja tu, dada," alisema Okech. "Lingekugharimu nini?"

"Na ungefurahi kuchezea taifa kwa uongo wangu?"

"Wao hawaishi kwa uongo? Ningefurahi, ndiyo. Ningekuwa nimecheza."

Usiku huo Adelina hakula vizuri.

Aprili ikaja barua. Ragnvald ameshauriwa kupumzisha goti kwa mwaka mzima, na kamati inamwita Okech kwa mechi ya ugenini Copenhagen. Cheti cha goti kilikuwa kimetiwa sahihi na mkuu wa wodi wa Adelina, ambaye wodini alisimulia kwa fahari jinsi alivyomaliza jambo lile kwa simu. Goti lenyewe hakuliona. Hakuna aliyekisoma cheti chake mara mbili.

Okech aliileta barua Sundbyberg, akamkuta Adelina kwa Ziada, akaiweka mezani. "Niende?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Najua hutanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nenda," alisema Adelina. "Nafasi ni yako tangu zamani. Wao ndio wamechelewa."

Akaenda, akacheza dakika zote themanini, akapata trai moja na kuangusha mipira miwili, na gazeti likaandika jina lake Okesh. Jumanne alikuja tena Sundbyberg, jicho limevimba, anachechemea. Alimaliza ugali, akaomba mwingine, kisha akapanga vikombe na sahani mezani kuonyesha alipitia wapi. Huyu hapa, na huyu hapa, na yule mnene wa shingo akabaki anashika upepo. Adelina alicheka mpaka akafuta machozi.

"Sasa nani alishinda?" aliuliza Ziada kutoka jikoni.

Okech akatazama vikombe vyake. "Wao," alisema. "Kwa mbali sana."