Nafasi ya Anayeanza

Mashine ya kufulia ilikuwa imejaa mashuka ya wodi, ikitikisika kama kawaida yake, wakati mfuaji alipomwambia mwenzake kwamba leo ndiyo leo. Ruhusa ya nusu siku ameipata kwa mbinde, na sasa anakwenda kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu za kompyuta. Nafasi ya anayeanza, tangazo lilisema.

"Nenda, Mama Kompyuta," mwenzake alisema huku akisukuma toroli. "Mashuka hayana miguu, utayakuta."

"Nisiyakute tena, ndiyo dua yangu."

"Haya. Ukishapata kiyoyozi usitusahau sisi wa mvuke."

Jina hilo wenzake kazini walimpa kwa utani, lakini walimheshimu. Walimwona wenyewe akifua mchana kutwa, kisha akikimbilia kituo cha mafunzo ya jioni, mikono bado inanuka sabuni. Mumewe alijifunza kupika, apende asipende. Wengi walioanza naye masomo waliishia njiani, tena wenye nafasi kuliko yeye. Yeye aling'ang'ana, na mtu wa namna hii huwezi kumsimulia bila kumvulia kofia.

Kwenye usaili alikaribishwa na mtahini, mwanamume mpole mwenye miwani. Akapewa kompyuta na swali la kwanza: aandike programu ya kupanga zamu za madereva, asiwepo wa kupangiwa mbili kwa mpigo. Akaanza. Lakini kila alipomaliza mstari alipanda juu kwenye swali, akanakili nukta-mkato ya kufungia mstari iliyokuwapo pale, akashuka kuibandika.

"Samahani, dada," mtahini alishindwa kuvumilia. "Mbona kitufe chake hicho hapo?"

Aliangalia, akacheka kwa haya. "Kumbe! Kituoni kwetu kimekufa zamani. Tumezoea kuazima."

Mtahini naye akacheka, akavuta kiti karibu. Kazi ikaenda. Alikosea, akasoma kosa bila papara, akalirekebisha, na zamu zikajipanga sawasawa. Alikuwa katikati ya swali la mwisho afisa wa ajira alipoingia na kupekua karatasi zake bila kukaa.

"Uzoefu?"

"Bado sina. Tangazo lilisema anayeanza."

"Anayeanza, mwenye uzoefu wa miaka miwili. Na masomo ya jioni hatuyahesabu."

"Sasa bosi, hiyo miaka miwili nikaianzie wapi?"

"Hilo mimi sijui. Utaratibu ni utaratibu."

"Lakini amefaulu," mtahini alisema.

"Sijauliza kama amefaulu. Mama, unaweza kwenda."

Ilimuuma. Alihisi machozi yakimlenga, na kwa hasira akayazuia. Kisha akaugeukia tena ubao wa vitufe.

"Nitakwenda nikimaliza."

"Swali hilo halina maana tena."

"Kwako, bosi."

Akaendelea kuandika. Afisa alimtazama mtahini ili amwondoe, lakini mtahini alikuwa ameinamia skrini, akifuata mstari mmoja mmoja. Programu ikagoma mara ya kwanza. Mfuaji akatafuta kosa, akalipata, ikakubali. Hapo ndipo aliposimama, akarudisha kiti mahali pake na kumshukuru mtahini kwa mikono miwili.

"Mkitangaza tena, nitakuja," alimwambia afisa. "Bado nitakuwa naanza, maana ninyi ndio hamtaki nianze."