Kona Iliyonishinda

Tangu Januari nilikuwa nikigombana na kona moja. Nafundisha hisabati Chuo Kikuu cha Busitema, na nachunguza jinsi njia, yaani mistari inayopitwa na nukta, zinavyoweza kupindwa hadi zikafanana bila kukatika. Lazima kwanza niunganishe njia mbili laini ziwe moja laini. Kila nikiziunganisha, zinapokutana panachomoza kona, na hoja nzima inaporomoka.

Jumamosi nilipanda boda kwenda Busia, hasira imenijaa. Karibu na mpaka lori refu likatuziba. Likapunguza mwendo, likasimama kabisa penye kona, likageuza magurudumu, likaondoka upande mwingine. Mwenye boda akapiga honi, mimi nikawaza njia zangu. Njia ya kwanza ipunguze mwendo mpaka isimame, ya pili ianze palepale taratibu. Hapo kona haidhuru kitu. Yaani miezi yote hiyo, dawa ilikuwa kusimama tu.

Nikampigia Okumu, mwenzangu wa utafiti, nikamweleza mbio mbio.

“Dada Teopista,” akasema, “hiyo ndiyo mbinu niliyotaka kukupa Januari.”

“Hukunipa.”

“Nilianza kukueleza, lakini ukanikatiza kabla sija—”

“Mimi sikatizi watu,” nikasema.